Sarafu Iliyorudi Nyeupe

Kamachumu, Muleba
9 Februari 2025

Mdogo wangu Jovitus,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitika huko uliko, hata kama ni kimoyomoyo ukiwa na mzigo begani. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini Jumapili alitembea mwenyewe hadi kanisani, akarudi kwa bodaboda, akasema dereva anaendesha kama anafukuzwa na polisi. Kahawa imekubali mwaka huu. Migomba ya upande wa bondeni imeshikwa na mnyauko, tumeng'oa kumi na miwili tukaichoma.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu hushikwa na binti yangu Flavia, na jambo lenyewe ni la Flavia. Barua inabebwa na Goodness wa Mwanza, yule anayekuja huko kununua jinzi. Anasema anakufahamu, wewe ndiye unayempakilia marobota.

Flavia amepata mchumba. Anaitwa Godson, mwalimu wa sekondari, kijana mtulivu. Baba yake ni Mwalimu Abednego. Ndiyo, huyo huyo.

Ulikuwa na miaka kumi na moja mwaka ule wa 1994, kwa hiyo nakueleza kama nilivyomweleza Flavia. Baba alikuwa na lile kopo la peremende lenye sarafu za Mwingereza, kumi na moja, alizoachiwa na yule mhandisi wa barabara ambaye Baba alikuwa mpishi wake. Kubwa kuliko zote kwa thamani ilikuwa ya Mfalme Edwadi, mwaka 1905, aliyoiita hafukrauni. Mwaka huo Waingereza walitengeneza chache, ndivyo mhandisi alivyomwambia. Mwalimu Abednego aliiazima amwonyeshe mzungu mmoja mkusanyaji wa sarafu aliyefikia misheni. Ilitoka nyumbani nyeusi. Ilikaa siku tisa ikarudi nyeupe, inang'aa. Baba akasema imebadilishwa, akamwita Mwalimu mwizi mbele ya watu. Tangu siku hiyo hatukuzikana. Mama yake Mwalimu alipofariki hatukwenda. Baba alipofariki hawakuja.

Sasa Baba Mkubwa Medard amesema posa haipokelewi mpaka ukweli ujulikane. Ikiwa sarafu ni ya bandia, Abednego aliiba, na mwizi hawi mkwe wetu. Ikiwa ni ya kweli, marehemu baba alimsingizia mtu, na sisi ndio tutakaokwenda kupiga magoti. Nikamwuliza nani wa kupima. Akasema, "Mpelekee Jovitus. Si huko China ndiko zinakotengenezwa za bandia? Anayezitengeneza ndiye anayezijua."

Nimeishonea kwenye pindo la kitenge. Fumua polepole, kitenge ni kizuri.

Dada yako,
Yustina


Sanyuanli, Guangzhou
2 Aprili 2025

Dada Yustina,

Milele amina, nimechelewa kuitika. Shikamoo. Msalimie Mama, mwambie asipande bodaboda, au kama lazima apande basi amwambie dereva kwamba hafukuzwi.

Mimi nipo. Kazi ni ile ile ya kubeba na kupima mizigo ya kwenda Dar na Mombasa. Tunapima kwa mizani ya sakafuni, kilo mia, kilo mia mbili. Mgongo siku hizi nikiinama haukubali kurudi mpaka nishike kitu. Laoban, yaani bosi, amenunua mkanda wa kiunoni akatugawia, kisha akakata kwenye mshahara. Chumbani tuko wanne, Mkongo mmoja anaimba akioga, ndiyo starehe tuliyo nayo.

Kitenge kimefika na kilichomo kimefika. Nilikifumua nikakaa na sarafu mkononi muda. Sikuwa nimeishika tangu utoto.

Kupima bado. Kuna soko la sarafu na stempu upande mwingine wa mji, na Kichina changu ni cha mizigo tu, najua bei, najua hapana, najua haraka. Nimemwomba Njambi anisaidie kutafsiri. Ni Mkenya anayesomea uhandisi wa madini kwa ufadhili wa serikali, huja hapa kutuma vitu kwao. Mara ya kwanza tulikuta soko limefungwa kwa sikukuu. Mara ya pili nilikuwa na kontena, sikwenda. Mara ya tatu Njambi alinisubiri kituo cha metro nusu saa. Akanipigia simu, "Mzee, wewe unataka hii kitu ipimwe ama unataka mimi nizeeke hapa?" Nikamwambia mgongo. Akasema, "Wiki jana ulikuwa mguu. Wiki ijayo sijui itakuwa kope."

Dada, nakuuliza kitu. Wazee hawawezi kusameheana tu bila kupima? Miaka thelathini na moja imepita. Baba hayupo. Kijana na binti wanapendana. Ukichimba kitu cha zamani hujui utakikuta katika hali gani. Mwambie Baba Mkubwa ni maoni yangu tu.

Mdogo wako,
Jovitus


Kamachumu
28 Aprili 2025

Jovitus,

Marahaba. Hatujambo, Mama naye hajambo, bodaboda bado anapanda.

Nimempelekea Baba Mkubwa maoni yako. Amesema msamaha ni baada ya kujua, kabla ya kujua ni usingizi tu. Kikao kimepangwa katikati ya Juni. Godson amekuja mara mbili kuniamkia, na mara zote mbili hakuingia ndani, anasimama uani kama mtu aliyeleta taarifa. Nilimwambia karibu. Akasema, "Mama, nitaingia siku baba yangu atakapoingia."

Mwanafunzi wa Bukoba anayerudi chuoni huko ndiye anayeleta hii. Nenda sokoni, mdogo wangu. Nenda usikilize, kisha uandike ulichosikia. Sikuombi kingine.

Yustina


Sanyuanli
1 Juni 2025

Dada Yustina,

Shikamoo. Mvua zimeanza hapa, maboksi yanalowa na kelele za laoban zimeongezeka. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Nilifurahi kusikia kahawa imekubali.

Nimekwenda. Kuna mzee anaitwa Liang, ana kibanda ghorofa ya pili, miaka arobaini anauza sarafu. Aliipima kwa mizani ndogo ya kioo. Hafukrauni ya kweli ina gramu kumi na nne na kidogo. Hii ilikuja kumi na mbili. Kisha akaangalia ukingo kwa kioo cha jichoni, yale meno ya pembeni. Ya kweli meno yake yamekaa sawa kama kitana. Hii ina mstari unaoyakata katikati, mahali pande mbili zilipounganishwa. Njambi hata hakuhitaji kunitafsiria, mzee alisema "jia de", na hilo neno kila mtu wa hapa analijua. Ni ya bandia.

Kwa hiyo baba alisema kweli.

Nimemkabidhi Goodness airudishe. Baba Mkubwa akitaka mtu mwingine aipime Mwanza, apime, atapata jibu hilo hilo. Sina la kuongeza. Mpe pole Flavia. Yeye ni msichana mwenye elimu yake, atapata mwingine.

Jovitus


Kamachumu
6 Julai 2025

Jovitus,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo kwa mwili. Mvua zimekatika, tunaanika kahawa.

Barua yako haikufika kwangu. Baba Mkubwa alikwenda mwenyewe stendi kumpokea Goodness, akaichukua pamoja na sarafu. Mimi niliisikia siku ya kikao kama wengine, ikisomwa. Sarafu ikazungushwa, kila mzee akaitazama na kuikunakuna kwa kucha kama aliyezaliwa nayo. Ilipofika kwangu niliitazama pia. Niliyokushonea kwenye kitenge ilikuwa ya kijivu. Hii ni nyeusi. Labda ni mwanga wa ukumbini.

Mwalimu Abednego alisimama akavua kofia. Amekuwa mzee, Jovitus, shingo imebaki kama ya kuku. Akasema, "Nilifundisha hapa miaka zaidi ya thelathini. Nilichopewa ndicho nilichorudisha." Baba Mkubwa akamjibu, "Mwalimu, hapa hatusomi tena hadithi. Mizani imesema." Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwalimu alivaa kofia akatoka, na Godson nyuma yake.

Ningependa barua iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Baada ya siku tisa Mwalimu alikuja nyumbani kwa Baba Mkubwa, peke yake, akiongoza ng'ombe wake kwa kamba. Anaye mmoja tu. Mimi nilikuwepo, nilipeleka ndizi. Hakukaa. Alisema, "Andikeni kwamba nilibadilisha. Nitatia saini. Ng'ombe huyu hapa awe fidia. Watoto waachwe waoane."

Baba Mkubwa akamwuliza, "Kwa hiyo unakiri?"

Akasema, "Nimesema andikeni. Sikusema nakiri. Mkinitaka nikiri, andikeni na hilo, nitatia saini yote pamoja."

Wazee wamefurahi sana. Wanasema jambo limeisha kiungwana. Kutia saini ni Jumamosi, tarehe thelathini Agosti, mbele ya koo zote mbili. Flavia ameniambia hataki tena. Nikamwuliza kwa nini, si ndicho ulichokitaka. Akasema, "Nitamwamkia vipi Mwalimu kila asubuhi?" Tangu hapo anakula kidogo, na simu ameniachia mezani.

Mimi sisemi kitu. Nakueleza tu nilichokiona, kama nilivyokuomba wewe unieleze ulichosikia.

Yustina


Sanyuanli
3 Agosti 2025

Dada Yustina,

Shikamoo. Leo sitaleta salamu nyingi, utanisamehe. Barua hii usiisome peke yako ukaikunja. Isome kikaoni tarehe thelathini, Mwalimu akiwepo, kabla hajashika kalamu.

Sarafu ni ya kweli.

Mwalimu hakubadilisha kitu. Mimi ndiye niliyeibadilisha, mara mbili. Naanza na ya kwanza.

Siku ile Mwalimu aliirudisha yeye mwenyewe, kwa baiskeli. Baba alikuwa mnadani. Wewe na Mama sikumbuki mlikuwa wapi. Mwalimu alisubiri, akaona mvua inakuja, akanikabidhi, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Akasema, "Mpe baba mkononi. Mwambie mgeni amesema ni ya kweli, aitunze kama ilivyo." Nikaitika.

Nilipobaki peke yangu nikaifungua. Baba siku zote alisema ni fedha tupu. Fedha niliyoijua mimi ilikuwa kikombe cha misa, kinang'aa mpaka unaona dirisha ndani yake. Hii ilikuwa nyeusi kama ganda la kahawa. Nikaona aibu kwa ajili ya baba, kwamba mzungu wa watu ameonyeshwa kitu kichafu. Nikachota jivu jikoni na mchanga mlaini, nikaloweka kitambaa, nikaisugua jinsi Mama alivyotufundisha kusugua sufuria za Krismasi. Nilisugua uso wa mfalme, nikasugua ile ngao nyuma, nikasugua mpaka mkono ukauma. Ikawa nyeupe. Nilifurahi, Dada. Nilidhani baba atanibeba.

Alirudi nikampa. Aliigeuza mara tatu. Akasema, "Hii siyo yangu." Kucha zangu zilikuwa bado na jivu, nikaficha mikono nyuma. Hakuniuliza kitu. Akatoka. Nikajisemea akirudi hasira imepoa nitamwambia. Akarudi na watu wanne nyuma yake, na neno limeshasemwa. Nisingeweza tena. Na ule ujumbe wa kwamba ni ya kweli sikuufikisha hata siku moja.

Kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwanzo niliogopa fimbo. Baadaye nikaogopa kumwaibisha baba. Mama yake Mwalimu alipokufa nilikuwa na miaka ishirini, mtu mzima, na baba akatukataza kwenda. Nilibaki shambani nikasikia wakiimba kaburini. Niliendelea kupalilia. Baba alipokufa nikasema sasa nani atafaidika. Nikaja huku, watu wakasema Jovitus amekimbia umaskini. Umaskini ninao hapa hapa, tunalala chumba kimoja.

Sasa ya mzee Liang, kwa kweli yake. Aliiweka kwenye mizani, kumi na nne nukta moja. Akapima upana. Akatazama meno ya ukingo, hayana mstari. Akaitazama ile tano ya mwisho wa 1905 muda mrefu, akailinganisha na picha ya kitabu, maana wanaoghushi huchukua sarafu ya mwaka mwingine wa kawaida wakachonga namba. Akasema "zhen de", ya kweli. Kisha akaisogeza kwenye taa, uso ukamharibika. Akasema maneno mengi. Njambi akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema ngozi imechunwa. Ati sarafu ya fedha ina ngozi yake, ule weusi, inachukua miaka mia kuota, na mnunuzi analipia hiyo ngozi. Ukiisugua umeiua. Ingekuwa nzima angeuza nyumba ainunue. Sasa anaweza kutoa sehemu ndogo tu."

"Ilisuguliwa lini?"

Akamwuliza. Mzee akanipa kioo nitazame mwenyewe. Mikwaruzo mamia, inazunguka uso wa mfalme, na ndani ya kila mkwaruzo weusi mwembamba umeanza kurudi.

"Ni zamani, miaka ishirini, thelathini," Njambi akasema. "Anauliza ni mjinga gani alifanya hivi. Pole Mzee, natafsiri tu."

Nikasema simjui.

Mzee Liang ana boksi chini ya meza, za bandia tupu, zinaletwa kwake kwa kilo. Alituonyesha ili tujifunze. Humo ilikuwemo ya Edwadi ya 1905, nyepesi, ina mstari ukingoni, imepakwa dawa ikawa nyeusi. Njambi alipotoka kupokea simu niliinunua. Yuan kumi na tano, bei ya sahani ya tambi. Hiyo ndiyo niliyowatumia. Vipimo nilivyowaandikia vilikuwa vyake.

Nilijiambia namlinda baba asiitwe mwongo kaburini. Labda ni kweli kidogo. Lakini zaidi nilikuwa namlinda yule mtoto mwenye jivu kwenye kucha, na yule mtoto ana miaka arobaini na mbili. Kile Mwalimu alichosingiziwa, hakuna aliyewahi kukifanya mpaka nilipokifanya mimi Mei mwaka huu. Nilipofika kwenye kamba ya ng'ombe katika barua yako sikuweza kuendelea kusoma. Nilimaliza kesho yake.

Ya kweli anayo Goodness, nimempa mkononi na nimemwambia asimpe mtu mwingine ila wewe. Yule ng'ombe arudi kwao kabla ya yote.

Jovitus


Kamachumu
7 Septemba 2025

Mdogo wangu Jovitus,

Marahaba. Mama yupo. Kahawa tumeuza. Ng'ombe amerudi kwao, alipelekwa na Baba Mkubwa mwenyewe, na njiani alimkanyaga mguu. Hakuna aliyemwonea huruma.

Niliisoma. Nilisimama katikati ya ukumbi nikaisoma yote, hata pale pa mjinga. Pale pa kuimba kaburini nilirudia mstari mara mbili. Nilipomaliza Mwalimu akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kumi na moja. Akatikisa kichwa. Akasema, "Nilimpa mtoto kitu cha mtu mzima kwa kukwepa mvua. Hilo ni langu." Kisha akasema, "Lakini ishirini siyo kumi na moja. Na arobaini siyo ishirini."

Nami nikasema langu, maana isingefaa nikae chini. Nilikuona, Jovitus. Nilikuwa nyuma ya jiko naanua nguo. Nilikuona na kitambaa na jivu, nikadhani unasugua kijiko. Jioni baba aliposema imerudi nyeupe nikajua si kijiko. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikanyamaza kwa sababu baba alikuwa ameshasema mbele ya watu, na kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Baba Mkubwa aliposema ipelekwe China kwa Jovitus, ningeweza kusema hapana, ipelekwe Dar. Sikusema hapana. Nilitaka itoke kinywani mwako. Uliporudisha ile nyeusi nilijua siku ile ile kwamba siyo yetu. Nikanyamaza tena, nikakuandikia habari za mwanga wa ukumbini. Kwa hiyo tuko wawili.

Baba Mkubwa aliniangalia kama mtu aliyelipishwa mara mbili. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, hiyo sehemu ndogo ambayo mzee Liang angetoa ni kiasi gani. Mama akanyoosha mkono akaichukua sarafu mezani, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akasema asisikie bei ikitajwa nyumbani kwake.

Tulipiga magoti, ukoo mzima, kama ilivyosemwa tangu mwanzo. Mwalimu alitunyanyua mmoja mmoja. Lakini posa hakuikubali bado. Amesema hataki fidia wala karatasi. Haya ni maneno yake, niliyaandika pale pale: "Mama yangu alizikwa upande mmoja wa kijiji ukiwa haupo. Jovitus aje. Akae matanga ya mama yangu, siku nne, nyumbani kwangu, kama ambavyo angekaa mwaka ule. Akishakaa, watoto waoane hata kesho yake."

Baba Mkubwa akasema matanga ya mtu aliyekufa miaka ishirini na miwili hayajawahi kuonekana. Mwalimu akasema, "Yataonekana."

Najua karatasi zako za kuishi huko zilikwisha tangu mwaka juzi. Najua ukijitokeza kwa serikali yao ili uondoke, hawatakuruhusu kurudi, na kazi ndiyo imeisha. Sikwambii uje. Flavia naye amekataza nisikwambie uje, amesema mjomba aamue bila kusukumwa. Ila amerudi kula, na jana Godson alifika akakaa kwenye ngazi ya mlango. Hajaingia.

Mimi nimekwenda kumwomba Mwalimu nikae matanga pia. Amekubali. Sijaanza, ninakusubiri.

Dada yako,
Yustina


Guangzhou
12 Oktoba 2025

Dada Yustina,

Shikamoo. Salamu kwa Mama, kwa Flavia, na kwa yule kijana wa kwenye ngazi.

Wiki mbili zilizopita nilimwambia laoban nimeacha. Aliuliza nani amenipa zaidi. Nikasema hakuna, naenda msibani. Akauliza nani amekufa. Kichina changu hakikufika huko, nikasema bibi. Alinilipa siku zangu zote, hata ule mkanda alinirudishia pesa yake, jambo ambalo sikulitegemea.

Njambi alinisindikiza ofisi ya uhamiaji. Nilimweleza yote kwenye metro. Tulipokuwa tunashuka akasema, "Kumbe ni wewe." Nikasema ni mimi. Akasema, "Na nilikutafsiria mjinga mbele yako." Nikamwambia alitafsiri sawasawa.

Ofisini niliandika jina langu na siku nilizozidisha. Wameniweka siku sita, hawakunipiga, chakula ni wali na kabichi. Wamechukua faini, karibu yote niliyokuwa nayo, na wamegonga muhuri kwamba nisirudi kwa miaka mitano. Tiketi nimeongezewa na wenzangu wa chumbani. Yule Mkongo alitoa nyingi kuliko wote.

Naondoka tarehe kumi na tisa. Goodness anatangulia, ndiye atakayekupa hii. Nitashuka Muleba nikiwa na begi moja, na sitapitia nyumbani kwanza. Nitakwenda moja kwa moja kwa Mwalimu.

Kitu kimoja nakuomba uniulizie, maana sijawahi kukaa matanga katika nyumba ile na sitaki kukosea tena. Mwulize kama niingie ndani nikae na wafiwa, au nikae nje mlangoni.

Jovitus